Ukingo wa Ala ya Kisu

Kyebando iko kaskazini mwa Kampala, katika divisheni ya Kawempe, jirani na Kalerwe penye soko kubwa na machinjio. Nyama hushushwa mabuchani, ngozi hutiwa chumvi, hukunjwa, hupakiwa kwenye magari na kwenda zake. Ni mtaa uliozungukwa na visu na ngozi, lakini fundi wa hapo akitaka kushona ala nzuri ya kisu atapata shida kupata ngozi inayofaa. Shida hiyo ina historia ndefu, na ushahidi wake unaonekana kwenye sehemu ndogo ya ala ambayo wanunuzi wengi hawaitazami, yaani ukingo.

Ala ya kushonwa kwa mkono huwa na matabaka matatu upande wa mshono: ngozi ya mbele, ngozi ya nyuma, na katikati ukanda mwembamba unaozuia makali yasikate uzi. Matabaka hayo yakishakatwa, nyuzi za ngozi hubaki wazi kama manyoya ya brashi. Maji hupenya hapo, vumbi hukaa hapo, na ala huanza kuchanika kuanzia hapo.

Wazee wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, hawakuwa na tatizo hilo, kwa sababu ala zao hazikuwa na ukingo wa namna hiyo. Miongoni mwa Wakaramoja, pamoja na Waturkana na Wapokot wa upande wa Kenya, kulikuwa na kisu cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono: bamba la chuma la mviringo lenye makali upande wa nje. Makali yalifunikwa kwa ukanda wa ngozi mbichi uliowekwa ungali na maji. Ngozi ilipokauka ilisinyaa, ikashika umbo la chuma, na ikawa ngumu. Mwenye kisu aliuvua ukanda alipotaka kukata, kisha akaurudisha. Mikuki ya huko nayo ilivalishwa hivyo hivyo. Wamaasai walifuata kanuni ileile kwenye ala ya sime, upanga wao mfupi: vibao viwili vyembamba, juu yake ngozi iliyovutwa na kushonwa, kisha ikapakwa rangi nyekundu. Kusinyaa kwa ngozi kulifanya kazi ambayo fundi wa leo huifanya kwa gundi na jasho.

Buganda ilikuwa na njia nyingine. Ngozi ya ng'ombe ilitandazwa juani, ikakwanguliwa, kisha ikasuguliwa kwa siagi hadi ikalainika. Ilifaa kwa mavazi na kwa malalo, na ngozi nzito ya nyati ikatengenezewa viatu vya wakubwa. Ngozi iliyolainishwa kwa siagi, hata hivyo, haisimami. Ukiikata ukingo wake hulegea, na hakuna kusugua kutakakoufanya ung'ae.

Ngozi inayokubali kung'arishwa ukingo ni ile iliyodabaghwa kwa magome ya miti. Pwani ilikuwa na utajiri huo. Magome ya mikoko yana tanini nyingi, yaani kile kinachodabagha ngozi, na enzi za Wajerumani yalisafirishwa kutoka delta ya Rufiji kwenda viwanda vya Ulaya. Na njia ya kutoka pwani hadi Buganda ilikuwapo: Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyetoka pwani, alifika kwa Ssuuna, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1844. Baada yake misafara iliongezeka, ikileta nguo na bunduki, na mavazi ya kipwani yakaingia hadi ikulu ya Kabaka Mutesa I.

Karne ya 20 ilileta miwati, miti yenye asili ya Australia. Ilipandwa kwenye nyanda za juu za Kenya, na kule Njombe kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake. Kwa hiyo Afrika Mashariki ilikuwa na ng'ombe, ilikuwa na tanini, na ilikuwa na mafundi.

Ukiwa na ngozi ya magome, kazi huenda hivi. Matabaka yakishagundishwa na kushonwa, fundi husawazisha ukingo kwa kisu kikali, kisha hupiga msasa hadi mistari ya matabaka ianze kupotea. Pembe mbili za ukingo hupunguzwa ziwe duara. Halafu huja maji, kidogo tu, maana yakizidi ngozi huvimba na kuwa nyeusi kwa mabaka. Hupakwa gundi ya mti, kama ile ya migunga ya Karamoja, na kusuguliwa kwa kijiti kigumu chenye mfuo au kwa kipande cha mfupa. Msuguano huleta joto, nyuzi hulala na kushikana, na ukingo huwa kama kitu kimoja. Nta ya nyuki humalizia. Ni kazi ya subira, na mwenye haraka hugundulika.

Kilichoivuruga kazi hiyo kilianzia mbali. Mwaka 1884 Augustus Schultz wa New York alipata hataza ya kudabagha kwa chumvi za kromu. Kazi iliyochukua wiki au miezi ndani ya magome ikawa ya siku chache, na leo zaidi ya robo tatu ya ngozi duniani hupitia njia hiyo. Ngozi hiyo ni laini, haiogopi maji, inafaa kwa viatu na mikoba. Ukingo wake lakini haukubali kusuguliwa: nyuzi hulala kidogo, kisha husimama tena. Njia zinazobaki ni kupaka rangi, kukunja pindo ndani, au kuufunika kwa ukanda mwingine.

Uganda ilipata pigo la ziada. Agosti 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na pamoja na maduka ziliondoka karakana za viatu na za ngozi. Mafundi wa Katwe, mtaa wa Kampala, walijifunza kutengeneza karibu kila kitu kwa vyuma chakavu, visu vikiwemo. Ngozi nzuri haipatikani kwenye chakavu. Viwanda vya kudabagha vipo, kama vile Jinja, lakini sehemu kubwa ya ngozi za nchi husafirishwa zikiwa mbichi au zikiwa za samawati, yaani zimepita hatua ya kromu tu. Ni hasara inayouma, kwa kuwa ng'ombe ni wa hapa na mikono ni ya hapa.

Anayetaka kujua ala imetengenezwa kwa ngozi ipi aikate pembe kidogo kwa wembe. Ngozi ya magome huwa na rangi ya kahawia hadi ndani. Ya kromu, hata ikiwa nyeusi au nyekundu kwa nje, mara nyingi huonyesha katikati mstari wa kijivu chenye usamawati, na chini ya rangi ya ukingo mstari huo bado upo.