Kitochi: Historia ya Simu ya Wazee Afrika Mashariki

Kitochi ni simu ndogo ya vitufe, yenye taa kichwani na betri inayochomoka. Watanzania wengine huiita kiswaswadu. Kenya hujulikana kama kabambe au mulika mwizi. Kwa miaka zaidi ya 20 watoto wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiwanunulia wazazi wao simu hii, na wazee wengi hawajawahi kumiliki nyingine. Ajabu ni kwamba hakuna kiwanda kilichoibuni kwa ajili ya wazee. Ilibuniwa kwa watu wa kipato cha chini, kwa mazingira ya vumbi na vijiji visivyo na umeme. Vijana walipohamia kwenye simu nyingine, wazee wakabaki nayo.

Mzazi wa kijijini wa miaka ya 1980 na 1990 alipata habari za watoto wake wa mjini kwa kuchelewa. Barua ilipitia sanduku la posta la shule, la misheni au la mwenye duka, ikasubiri hapo hadi apatikane mtu wa kuifikisha. Fedha zilifungwa ndani ya bahasha na kukabidhiwa jirani anayesafiri, au kondakta wa basi aliyeaminika. Taarifa za misiba zilisomwa redioni, na aliyekosa kusikiliza siku hiyo aliweza kufika matanga yakiwa yameanuliwa. Simu ya mezani ilikuwa kitu cha ofisi, cha padri au cha mganga mkuu.

Simu za mkononi zilipofika hazikubadili hali hiyo mara moja. Kampuni ya Mobitel ilianza kazi Tanzania katikati ya miaka ya 1990, lakini simu na gharama zake zilikuwa za wafanyabiashara na wakubwa wa serikali. Mageuzi yalikuja na mwaka 2000. Mwaka huo Vodacom iliingia Tanzania, na Kenya ikapata ushindani wa Safaricom na KenCell; Celtel ikafuata Dar es Salaam mwaka 2001. Safaricom ilikuwa na wateja wasiofika 20,000 ilipoanza ushindani huo. Kilichowafungulia mlango watu wa kawaida ni vocha ya kukwangua: hapakuwa na mkataba wala barua ya mwajiri, na aliyeishiwa salio aliendelea kupokea simu. Mtu asiye na mshahara, yaani karibu kila mzee wa kijijini, sasa aliweza kuwa na laini. Nayo Safaricom ilitoza kwa sekunde wakati mpinzani wake akitoza kwa dakika, kwa hiyo shikamoo, marahaba na swali moja la afya havikula fedha nyingi.

Hata hivyo wazee wa kwanza kutumia simu hawakuwa na simu. Walikwenda kwa mwenye nayo. Kijiji kiliweza kuwa na simu mbili au tatu, na mtoto wa mjini alipanga muda na mwenye simu ili mama yake aitwe. Mara nyingi mawasiliano yalipatikana sehemu moja tu, juu ya kilima au chini ya mti fulani, na mzee alipandishwa huko kusikia sauti ya mwanawe. Kampuni zilijenga minara kwanza pale penye wateja wengi. Ndiyo maana Tanzania ilitunga sheria mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaotoa ruzuku ili minara ifike sehemu zisizo na faida ya haraka. Ruzuku hiyo haitajwi sana simu za wazee zinapozungumzwa, lakini bila mnara kitochi ni tochi tu.

Simu iliyoweka mfano wa zote zilizofuata ni Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003. Kampuni hiyo ya Finland iliitengeneza kwa ajili ya masoko ya nchi zinazoendelea. Vitufe vyake vilifunikwa kwa ngozi moja ya mpira, vumbi lisipate pa kuingilia. Ubavuni ilikuwa na mpako usioteleza mkononi, na kichwani tochi iliyowashwa kwa kushikilia kitufe kimoja. Kioo chake hakikuwa na rangi. Ziliuzwa takriban milioni 250 duniani, na Nokia 1110 ya mwaka 2005 ilikaribia idadi hiyohiyo. Simu ya bilioni moja ya Nokia, iliyouzwa Nigeria mwaka 2005, ilikuwa Nokia 1100.

Sifa hizo zilizobuniwa kwa ajili ya hali ya kijijini ziligeuka kuwa msaada kwa uzee, na hapa ndipo siri ya kitochi ilipo. Kioo kisicho na rangi kinasomeka juani, na maandishi meusi juu ya mwanga ndiyo yanayoonekana vyema na macho yaliyopungua nguvu. Kitufe kilichoinuka hujulisha kidole kwamba kimebonyezwa, jambo ambalo kioo cha kugusa hakiwezi, na kinundu juu ya tarakimu 5 humwongoza asiyeona vizuri. Betri ilikaa siku kadhaa, na mzee hakulazimika kutuma mtu kila jioni kwenye kibanda cha kuchajisha. Nokia 1110 iliongeza saa inayotamka muda. Menyu za Kiswahili pia ziliwekwa, ingawa wazee wengi hawakuwahi kuzifungua. Walichohitaji ni kitufe cha kijani na chekundu. Tochi ndiyo iliyopendwa kuliko yote. Iliwapeleka chooni usiku, ikawamulikia njia ya kutoka msikitini au kanisani, ikafanya kazi hata salio likiwa sifuri. Kwa wazee fulani simu ilikuwa kwanza taa, kisha saa, na mawasiliano yakafuata.

Bei nayo ilipiganiwa. Mwaka 2005 umoja wa kampuni za simu duniani, GSMA, uliendesha zabuni ya simu ya bei nafuu kabisa. Motorola ilishinda, kwanza kwa simu iliyogharimu chini ya dola 40, na kabla mwaka haujaisha kwa nyingine ya chini ya dola 30. Mwaka uliofuata ikatoa Motofone F3, nyembamba, yenye kioo cha wino wa kielektroniki na sauti ya kumwongoza asiyejua kusoma. Kwa maelezo hayo ingepaswa kuwa simu ya wazee hasa. Lakini kioo chake kilibeba herufi chache mno kwa wakati mmoja, ikawa taabu kusoma ujumbe, na haikudumu sokoni. Hatua iliyoonekana haraka madukani ilikuwa ya kikodi: Kenya ilifuta VAT ya simu za mkononi mwaka 2009, kisha ikairudisha mwaka 2013.

Pamoja na hayo, bei ya dukani haikumhusu sana mzee mwenyewe, kwa kuwa simu nyingi alizirithi. Kwa desturi urithi hushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, simu ilipanda. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi aliponunua simu yenye kamera, ile ya zamani ilifungwa kwa rababendi kuzuia betri isidondoke, ikasafiri na basi kwenda kijijini ikiwa na namba za marafiki zake bado ndani. Hata ilipokuwa mpya, aliyeichagua ni mwana, na vigezo vyake havikuwa vile vya mzazi. Mwana alitaka simu itakayopatikana hewani kila anapopiga. Mzazi, angeulizwa, huenda angetaja mlio mkubwa na redio. Kitochi kilishinda kwa sababu kiliwaridhisha wote wawili bila wao kukubaliana.

Matumizi yakajijengea taratibu zake. Mzee hakuweka vocha mara kwa mara, alibipu. Mlio mmoja uliokatwa ulimaanisha nipigie, na ilieleweka kwamba mwenye kipato ndiye anayelipia maongezi. Kukwangua vocha na kuingiza tarakimu zake ndogo ilikuwa kazi ya mjukuu, hadi huduma za kurusha salio, kama Sambaza ya Safaricom, zilipomwezesha mtoto kumwekea mzazi akiwa mbali. Asiyejua kusoma alitambua wanawe kwa tarakimu za mwisho za namba, au aliwekewa kila mmoja kwenye kitufe chake: ukishikilia 2 unampata wa kwanza, 3 wa pili. Njia hii ya kupiga kwa kitufe kimoja ilikuwapo kwenye simu hizo tangu mwanzo na haikuhitaji ada, lakini wengi waliouza simu hawakujisumbua kuieleza.

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, na kitochi kikaacha kuwa kitu cha hiari. Kauli ya matangazo yake ilihimiza kutuma fedha nyumbani, na nyumbani maana yake ilikuwa kwa wazazi. Huduma ilifanya kazi kupitia laini yenyewe, kwa hiyo simu ya bei ya chini kabisa ilitosha. Tanzania ikaipata mwaka 2008. Kuazima simu ya jirani sasa kulikuwa na hatari, kwani fedha huingia kwenye laini ya mtu. Kila mzee aliyetumiwa alihitaji namba yake.

Pamoja na namba ikaja siri ya tarakimu nne, ambayo wazee wengi hawakuweza kuitunza kama ilivyokusudiwa. Iliandikwa nyuma ya betri, ikatajwa kwa sauti mbele ya wakala, ikakabidhiwa mjukuu. Wengi hawakudhurika, maana mjukuu na wakala walikuwa watu wa kijiji hichohicho. Matapeli wa mbali walikuwa wabaya zaidi. Tanzania ulienea ujumbe mfupi unaojifanya umetoka kwa mtu anayesubiri kutumiwa fedha: ile hela itume kwenye namba hii. Mzee aliyekuwa akijiandaa kumtumia mwanawe ada aliweza kunasa bila kujiuliza. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ikatenga namba 15040 ya kupeleka ujumbe wa aina hiyo.

Wakati huohuo Nokia ilikuwa ikipoteza soko lake kwa Wachina. Ushindani wa mitandao uliwafanya watu wamiliki laini mbili au tatu, kila moja kwa ofa zake, lakini Nokia haikuwa na simu ya laini mbili hadi mwaka 2010. Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilikuwa imeshalitambua hitaji hilo na kujaza maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, kwa chapa zake za Tecno na itel. Simu hizo zilikuwa na spika ya kelele, betri kubwa na redio. Kwa mzee mwenye masikio mazito spika ile ilikuwa neema. Laini mbili zilikuwa mzigo: kila anapopiga simu inamuuliza atumie ipi, na swali hilo moja lilitosha kumfanya aikabidhi kwa mtoto. Mtu anayemnunulia mzee simu ya namna hiyo hufanya vyema kuacha tundu la pili wazi.

Pamoja nazo ziliingia bandia, nyingine zikiwa na maandishi ya Nokla mahali pa Nokia. Kenya ilizifungia simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, Tanzania Juni 2016. Wananchi walielekezwa kubonyeza *#06# kuona namba ya utambulisho ya simu, jambo ambalo kwa wazee lilifanywa, kama kawaida, na wajukuu.

Nchi nyingine zilichukua njia tofauti na kutengeneza simu za wazee kwa makusudi. Japani, DoCoMo ilianza kuuza simu za Raku-Raku mwaka 1999, na mwaka 2004 ikatoka huko Tu-Ka S, simu isiyo na kioo kabisa. Marekani, Martin Cooper, aliyepiga simu ya kwanza ya mkononi mwaka 1973, na mkewe Arlene Harris walileta Jitterbug mwaka 2006. Doro ya Sweden ilifuata mwaka 2007, na simu zake zikaja kuwa na vitufe vikubwa na kitufe cha dharura mgongoni. Simu hizi hazikupata nafasi katika maduka ya Afrika Mashariki. Bei yake ilikuwa mara kadhaa ya kitochi, na huduma zake nyingine, kama kituo cha kupokea simu za dharura, zilitegemea ada ya kila mwezi. Kitufe cha dharura, hata hivyo, ni jambo ambalo watengenezaji wa kitochi wangeweza kuiga bila gharama kubwa, na ni ajabu kwamba hawakuharakisha.

Kuanzia miaka ya 2010 familia zilihamia WhatsApp, na mzee mwenye kitochi akajikuta nje ya kundi la ukoo ambamo harusi hupangwa na michango huorodheshwa. Jibu lililojaribiwa ni simu ya vitufe yenye intaneti. Vodacom Tanzania iliuza Smart Kitochi, inayotumia programu ya KaiOS, ikiwa na umbo lilelile la zamani na WhatsApp ndani. Suluhisho hilo halikudumu: mwaka 2024 WhatsApp iliacha kupatikana kwa watumiaji wapya wa KaiOS, na baadaye ikasitishwa kwa waliokuwa nayo.

Kwa hiyo nyumba nyingi sasa zina simu mbili kwa mzee mmoja. Simu janja, ambayo pengine ni ya mjukuu anayekaa naye, hutumika kuonana kwa video na walio mbali. Kitochi hubaki mfukoni kwa kupokea simu na fedha, maana huduma kama *150*00# ya M-Pesa Tanzania hazihitaji intaneti wala kioo cha kugusa. Nokia 105, iliyotoka mwaka 2013 kwa euro 15, imeendelea kutolewa kwa matoleo mapya chini ya kampuni ya HMD, na itel na Tecno bado huuza za kwao kwenye maduka yaleyale.