Kosa Lililokiriwa

Msomaji, huenda umepata kudhani ya kuwa mtu mkubwa akikiri kosa heshima yake hupungua. Basi mtazame Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania. Mwaka 1972 serikali yake ilizivunja halmashauri za wilaya, na mwaka 1976 ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, kikiwamo kile cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933. Mazao yakatiwa mikononi mwa mashirika ya serikali. Ni kweli vyama vile vilikuwa na kasoro zake. Lakini mwenye kuumwa jino hakatwi kichwa!

Mwaka 1982 zilitungwa sheria za kuzirudisha halmashauri na vyama. Mwaka 1984, angali Rais, Nyerere alisema waziwazi kwamba lau angeanza upya, mawili hayo asingeyafanya. Walikuwa na pupa, tena hawakujua. Angalia, alijitia mwenyewe katika lawama. Wala hakukaa akijililia. Alipouacha urais mwaka 1985 alirudi kwao Butiama, akashika jembe, na mambo ya nchi akaendelea kuyasemea.