Ziwa la Kabaka Mwanga na Kauli ya Abiria

Anayetaka kujizoeza Kiswahili mjini Kampala hahitaji kwenda mbali. Aende Kisenyi. Huko bondeni, chini ya kilima cha Mengo, kwenye mashine za kusaga mahindi, maduka ya Wasomali na kituo cha mabasi, ndiko tunakowapeleka wanafunzi wetu kufanya mazoezi ya mazungumzo. Katika ziara mojawapo tulikuwa tukijadili methali isemayo: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwanafunzi mmoja akatuuliza, “Na abiria je? Hana kauli?” Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya, kwa sababu jibu lake limo katika historia ya mahali palepale tulipokuwa tumesimama.

Ukipanda kutoka Kisenyi hadi Mengo, ukauzunguka ukuta wa Lubiri na kuteremka upande wa Ndeeba, utafika kwenye ziwa dogo liitwalo Ziwa la Kabaka. Ziwa hili halikuumbwa na maumbile. Lilichimbwa kwa amri ya Kabaka Mwanga II katika miaka ya 1885 hadi 1888. Mwanga alirithi kiti mwaka 1884 akiwa kijana bado, na alipenda sana vyombo vya majini. Nia yake ilikuwa kulichimbia ziwa hilo mfereji hadi Ziwa Victoria, ili aweze kutoka ikulu kwa mtumbwi bila kukanyaga nchi kavu, hasa siku ya hatari.

Haikuwa ajabu kwa mfalme wa Buganda kufikiri hivyo. Buganda ilikuwa dola ya majini pia. Mitumbwi yake ilijengwa kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za miti, na mkuu wa mitumbwi alikuwa na cheo chake maalumu, Gabunga, kutoka ukoo wa Mamba. H. M. Stanley alipofika mwaka 1875 aliikuta mitumbwi ya vita zaidi ya 200 imekusanywa.

Lakini ziwa la Mwanga lilichimbwa kwa mikono ya watu wasioulizwa. Wakubwa kwa wadogo walilazimishwa kubeba udongo, na chuki ikaongezeka. Wakati huohuo Kabaka aliwaogopa vijana waliokuwa wamejifunza kusoma, Waislamu na Wakristo, kwa kuwa walikuwa na bunduki na mioyo yao ilikuwa imegawanyika. Mwaka 1888 akapanga hila: awachukue kwa safari ya ziwani, awafikishe kisiwani, kisha mitumbwi irudi bila wao. Siri ikavuja. Walipofika ufukweni na kuamriwa kupanda, walikataa.

Naam, walikataa tu. Siku chache baadaye, mwezi Septemba, Waislamu na Wakristo waliungana wakamwondoa madarakani na kumtawaza kaka yake, Kiweewa. Mwanga aliukimbilia mtumbwi, akavuka hadi Magu, kusini mwa ziwa, katika Tanzania ya leo. Mfereji aliokusudia haukuwa umefika ziwani. Alirejea Mengo mwaka 1889, na wengi wa waliomsaidia kurudi walikuwa wale Wakristo waliokataa kupanda mitumbwi yake.

Tumeieleza habari hii kwa sababu ina jirani yake katika siku zetu. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama Ziwa Victoria, karibu na Mutima, wilaya ya Mukono. Watu zaidi ya 30 walifariki. Mwana wa kifalme David Wasajja, ndugu yake Kabaka wa sasa, alikuwa miongoni mwa walionusurika. Boti ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, haikuwa na leseni, na wengi hawakuvaa jaketi za kujiokoa. Miezi miwili tu kabla yake, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimepinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, na kuua watu zaidi ya 220. Kiliidhinishwa kubeba watu 101. Hali kadhalika, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu.

Hatusemi kwamba waliokufa ndio wenye kosa. Kosa la kwanza ni la anayekijaza chombo na la anayefumba macho. Hata hivyo tunauliza: kwa nini ni vigumu sana kwa abiria kusema, “Chombo kimejaa, mimi sipandi”?

Kuna mchezo unaoweza kutufundisha. Mwaka 1922, huko Minnesota, Marekani, Ralph Samuelson alianzisha mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa mbao miguuni, mtu akivutwa na boti. Wanaoucheza kwa uangalifu huweka watu wawili botini: mmoja huendesha, wa pili humtazama anayevutwa. Huyu naye ana ishara za mkono za kusema punguza mwendo au simama, na asiposikilizwa huiachia kamba. Yaani anayevutwa ana kauli.

Basi tumemjibu mwanafunzi wetu hivi. Methali ni ya kweli: baharini au ziwani, nahodha awe mmoja. Lakini methali inahusu chombo kilichokwisha kung’oa nanga. Pale ufukweni, kabla mguu haujaingia chomboni, abiria naye ana neno lake. Wale wa mwaka 1888 walilisema mbele ya mfalme. Sisi tunashindwa kulisema mbele ya mkata tiketi?