Meza ya Karani Ndani ya Kompyuta
Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ya Marekani ilianza kuuza Star, kompyuta ya ofisini. Waundaji wake walijiuliza kwanza karani anaionaje kazi yake. Ndipo wakachora kwenye skrini meza yenye karatasi, majalada, kabati, hata trei za barua. Star ilikuwa ghali, haikuuzika sana, lakini meza ile ilibaki: Macintosh ya 1984 ilikuwa nayo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, wafasiri waliirithi meza hiyo. Faili, kwa bahati, tulikwisha kulizoea tangu masjala za wakoloni. Je, mwanafunzi asiyewahi kuona masjala, sisi walimu tumweleze vipi folda?