RUPONDA: KAZI ILITANGAZWA UINGEREZA, MWENYEJI HAKUITWA HATA KWENYE USAILI

Unaijua ile hali. Umetuma maombi ya kazi, halafu kimya. Hakuna simu, hakuna meseji, hakuna hata pole. Siku majina ya walioitwa kwenye usaili yanatoka, unashuka nayo mpaka mwisho, unarudi juu, unatafuta tena kwa jina la baba. Haupo. Umepigwa chini na mtu ambaye hajawahi kukuona wala kukusikia ukiongea.

Wengi wanadhani mambo haya yamekuja na intaneti. Wapi! Kule kusini, Ruponda na Nachingwea yote kwa ujumla, hadithi hii ina zaidi ya miaka mia moja. Kuna sehemu inachekesha, na kuna sehemu inauma.

AJIRA ISIYOKUWA NA BARUA

Tuanzie Vita ya Kwanza ya Dunia. Ruponda palikuwa na ghala kubwa la chakula la jeshi la Wajerumani. Oktoba 1917 Waingereza waliokuwa wakishuka kutoka upande wa Kilwa wakaliteka. Sasa jeshi la wakati ule, kwenye nchi ambayo mbung'o walikuwa wanaua farasi na punda, lilibebwa na nini? Vichwa na mabega ya watu. Chakula, risasi, mahema, vyote vilipanda juu ya wapagazi, na pande zote mbili ziliwataka kwa maelfu.

Hapo hakuna aliyekosa kazi. Ukionekana una nguvu, umepita. Vyeti havikuulizwa, na hiari yako pia haikuulizwa. Njaa na magonjwa viliua wapagazi wengi mno. Kwa hiyo ajira hiyo ya kizungu iliyopita ukanda huu ilimhitaji mwenyeji kwa mgongo wake tu. Kichwa kilitakiwa cha kubebea mzigo.

WAZUNGU WATATU, WIKI TISA

Ikaja Vita ya Pili, ikaisha, Uingereza ikawa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yao ikatuma ujumbe wa watu watatu, wote Waingereza, kuja kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa huku kwa wingi. Wakazunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama ardhi kutoka kwenye ndege. Wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na sehemu kubwa zaidi ya mashamba ikapangiwa jimbo la kusini. Nachingwea ndo ikachaguliwa kuwa makao ya kusini.

Mwaka 1947 mradi ukaanza. Sikiliza sasa kilichotokea kwenye ajira.

Nafasi za kuja kusimamia zilitangazwa Uingereza. Wanajeshi waliomaliza vita wakamiminika. Inasemwa takriban watu 100,000 walijitokeza kuomba kujiunga na lile lililoitwa Jeshi la Karanga. Nafasi zilikuwa chache sana kuliko watu, kwa hiyo hata huko kwao, wengi walikula za uso bila kuitwa.

Lakini angalia tofauti. Yule Mwingereza aliyekosa aliliona tangazo. Aliandika barua, akasubiri, akakosa. Kijana wa Ruponda hakupata hata nafasi ya kukosa. Tangazo liliwekwa nchi nyingine, kwa lugha nyingine, kuhusu ardhi ambayo babu zake walikuwa wanailima. Kwake kulikuwa na kibarua: kukata visiki, kuchimba, kubeba. Waliofundishwa kuendesha trekta ndo waliokuwa wameula. Ofisi na usimamizi zilikuwa za Wazungu.

Na hii haikuwa tabia ya mradi mmoja. Kwenye utumishi wa serikali ya kikoloni mambo yaliandikwa kabisa kwenye karatasi. Tume ya mishahara ya Afrika Mashariki ya 1948 ilipendekeza asiyekuwa Mzungu akishika cheo kile kile alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Yaani hata ukipenya, unapenya nusu. Mtindo huo ulikuja kuachwa miaka ya 1950, baada ya tume nyingine na kelele nyingi za watumishi Waafrika.

PAUNI MILIONI 36 ZIKAYEYUKA

Basi karanga zikastawi? Thubutu! Mvua haikufuata ramani. Kule Kongwa, makao ya kati ya mradi, udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, karanga zikagoma kung'oka. Matrekta, mengi yakiwa mitumba ya vita, yakafa moja baada ya jingine. Kusini msitu ulikuwa mzito, na reli ya kutoka pwani ilifika Nachingwea mwaka 1949, mradi wenyewe ukiwa umeshaanza kukata roho. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuufuta. Takriban pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Karanga zilizovunwa hazikufikia hata zile zilizoletwa kama mbegu.

Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, ilifunguliwa 1954. Karanga zenyewe hazikuwepo. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Sasa jiulize. Kwenye ule ujumbe wa watu watatu hakukuwa na mzee hata mmoja wa Kimwera. Mtu ambaye amepanda na kuvuna sehemu ile ile tangu utotoni, anayejua mvua inadanganya mwezi gani, hakuwa na kiti mezani. Usaili aliopaswa kufanyiwa yeye ungechukua asubuhi moja, chini ya mwembe, kwa gharama ya kikombe cha chai. Hawakuufanya, wakaja kulipa mamilioni.

WASIOITWA WAKAPANDA KOROSHO

Kuna sehemu ambayo huwa haisimuliwi sana. Watu wale wale ambao mradi uliwaona ni mikono tu walikuwa na mashamba yao madogo, kwa jembe la mkono. Huko wakaongeza mikorosho. Hakuna jenerali mstaafu aliyewasimamia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho na kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani, nyingi zikitoka kwa wakulima wadogo wa Mtwara na Lindi. Ni kusini ile ile iliyowashinda wataalamu.

Kwa hiyo mtu akikwambia asiyeitwa kwenye usaili hana uwezo, mwambie akaitazame mikorosho ya Nachingwea.

NA LEO JE?

Leo rangi haiandikwi tena kwenye tangazo. Kilichobaki ni umati. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa Uhamiaji, nafasi zikiwa 70. Mwaka 2025 TRA ilipata maombi zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596. Piga hesabu: ni zaidi ya watu 80 wanaogombea kiti kimoja. Hapo hata kama kila kitu kikienda kwa haki, wengi lazima warudi nyumbani.

Ndo maana ni vizuri kutenganisha vitu viwili. Kuna kukosa kwa sababu watu ni wengi, na hilo linauma lakini linaeleweka. Na kuna kukosa kwa sababu mlango ulifungwa kabla hujafika: tangazo lilizunguka kwa watu wachache, jina lilishawekwa, koneksheni ilishapigwa simu. La pili ni ndugu wa damu wa lile tangazo la 1947. Limebadilisha nguo tu.

Na kusini mchezo unaanza upya. Ruangwa kuna madini ya kinywe, na wawekezaji wameshaingia. Tangu 2018 kuna kanuni zinazotaka Watanzania washirikishwe kwenye ajira za migodi. Kwenye karatasi tumetoka mbali. Lakini kipimo ni kile kile: je, kijana wa Ruponda mwenye cheti cha VETA ataliona tangazo kwa wakati, kwa lugha anayoielewa, na kuna mtu atakayeifungua bahasha yake ya kaki? Au ataitwa siku ya kufyeka tu?

Ukipigwa chini bila usaili, inauma, hakuna haja ya kujifanya haiumi. Ila usichukue ule ukimya kama jibu kuhusu wewe. Waliokaa kimya mwaka 1947 walikuwa na pesa, ndege na ramani, na bado waliokosea ni wao.