Kutokosea kwa Biblia: Istilahi na Mipaka Yake

Mfalme Yehoramu wa Yuda alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka minane, akafa. Hayo yamo katika 2 Mambo ya Nyakati, sura ya 21. Fungua sura inayofuata: mwanawe wa mwisho, Ahazia, anatawazwa akiwa na miaka 42. Baba amekufa na miaka 40, kitindamimba wake ana 42. Ukirudi kwenye 2 Wafalme 8:26 unamkuta Ahazia huyohuyo ana miaka 22, na hesabu inakaa sawa.

Aya hizi si ngeni kwa aliyewahi kusimama kwenye mhadhara wa mlingano wa dini, Dar es Salaam au Mombasa. Mhubiri wa Kiislamu huomba isomwe ya kwanza, kisha ya pili, kisha humgeukia Mkristo. Jibu analopewa mara nyingi ni moja: Biblia haina makosa. Jibu hilo lina imani ya kweli ndani yake, nami naiheshimu. Shida ni kwamba linategemea istilahi iliyotufikia nusunusu. Jina limevuka bahari, maelezo yake yamebaki ng'ambo.

Kwa Kiingereza fundisho hili linaitwa kwa neno lililozaliwa na kitenzi cha Kilatini errare, yaani kutangatanga, kupotea njia. Lina mwenzake, lililotoka katika fallere, yaani kudanganya, kuhadaa. La kwanza linadai kwamba Maandiko hayasemi lisilo kweli. La pili linadai kwamba Maandiko hayampotoshi anayeyafuata katika imani na mwenendo. Wapo Wakristo wanaoshikilia yote mawili, na wapo wanaoshikilia la pili tu. Kwa Kiswahili yote mawili hugeuzwa ovyo kuwa "isiyo na makosa", na tofauti hiyo, ambayo imegawanya vyuo na madhehebu huko Marekani, inapotea kabla msomaji hajaiona.

Waraka unaotegemewa zaidi na Wakristo wa kiinjili katika jambo hili ni Tamko la Chicago la Oktoba 1978. Wasomi zaidi ya 200 walilitia saini, wakiwemo J. I. Packer, R. C. Sproul na Francis Schaeffer. Lina vifungu 19, kila kimoja kikisema linalokubaliwa na linalokataliwa. Wengi wanaolitaja hawajawahi kufika kwenye vifungu viwili ambavyo ndivyo uti wa mgongo wake. Kifungu cha 10 kinasema uvuvio, kwa maana kamili ya neno hilo, unahusu maandishi ya asili yaliyotoka mikononi mwa waandishi, wala si kila nakala na kila tafsiri. Kifungu cha 13 kinaorodhesha mambo yasiyohesabiwa kuwa kosa: kutokuwepo kwa usahihi wa kitaalamu wa siku hizi, kasoro za sarufi na tahajia, kueleza maumbile kama macho yanavyoyaona, kutia chumvi, namba za kukadiria, kupanga habari kwa mada badala ya kwa tarehe, na kunukuu bila kufuata neno kwa neno.

Kwa kipimo hicho, umri wa Ahazia hauwatikisi waliotia saini. Maandishi ya Kiebrania yaliyotufikia yana 42, tafsiri ya kale ya Kisiria ina 22, na wasomi karibu wote wanaona kwamba mnakili aliteleza. Kijana aliyefundishwa kwamba Biblia aliyoshika mkononi haina kosa hata la namba moja hana njia ya kusema hivyo. Amebaki na mawili: akane anachokiona, au aiache imani. Nimeona vijana wakichagua la pili, na inaniuma kwa sababu walichokiacha hakikuwa fundisho lenyewe bali tafsiri yake mbovu.

Ndiyo maana nashikilia "kutokosea" badala ya "kutokuwa na makosa". Kosa kwetu lina nyumba nyingi: kosa la chapa, kosa la hesabu, kosa la jinai, kosa la mbele za Mungu. Ukisema kitabu hakina makosa umeyakana yote kwa mpigo, hata ya mpiga chapa. Kukosea ni kitendo cha mwenye kusema. Mtu hakosei hewani, anakosea katika jambo analolidai, na swali linalofuata lenyewe ni hili: mwandishi huyu alikuwa anadai nini? Azimio la Lausanne la 1974 limepita njia hiyo, kwa kusema Maandiko hayakosei katika yote yanayoyathibitisha. Neno la pili, lile la fallere, ningeliita "kutopotosha".

Kuna aliyewahi kuniambia tutumie "umaasumu", kwa kuwa neno lipo tayari. Lipo, ila lina mwenyewe. Katika vitabu vya Kiislamu vya Kiswahili maasumu ni mtu aliyehifadhiwa asitende dhambi: Mtume, na kwa Mashia Maimamu pia. Tukiliazima kwa kitabu tutakuwa tunagombana na jirani juu ya jambo ambalo hakulisema.

Upande wa pili wa mjadala nao una istilahi yake, na hapa mtego ni mkubwa zaidi. Kiingereza husema "ukinzani" na kuuongezea sifa yenye nyuso mbili, inayoweza kumaanisha unaoonekana wazi na pia unaoonekana tu, kwa juu juu. Wafasiri wengi huandika "ukinzani wa dhahiri". Kwa Mswahili dhahiri ni dhahiri: jambo lisilo na ubishi. Kitabu cha kuitetea Biblia kinajikuta kimekiri mashtaka kwenye jalada. "Ukinzani unaodhaniwa" ni bora, na pengine "hitilafu" linatosha, kwa sababu masimulizi mawili yanaweza kuhitilafiana bila kukinzana. Ukinzani halisi ni kauli mbili ambazo haziwezi kuwa kweli kwa pamoja.

Chukua saa ya kusulubiwa. Marko 15:25 inasema Yesu alisulubiwa saa tatu. Yohana 19:14 inasema ilipata saa sita Pilato alipomtoa nje mbele ya Wayahudi, kabla hajamtoa asulubiwe. Msomaji wa Kiswahili anaiona hitilafu hii haraka kuliko Mzungu, kwa kuwa tunahesabu saa kama walivyohesabu watu wa Yerusalemu, tangu jua linapochomoza. Saa tatu ni saa tatu asubuhi, saa sita ni adhuhuri, bila kukokotoa chochote. Aliyetundikwa saa tatu asubuhi hawezi kuwa bado anahukumiwa adhuhuri ya siku hiyohiyo.

Jibu linalopendwa katika vitabu vilivyofasiriwa kutoka Kiingereza ni kwamba Yohana alihesabu kwa saa za Kirumi, kuanzia usiku wa manane, hivyo saa sita yake ni alfajiri. Silikubali jibu hili, na naamini Mswahili ana sababu nzuri ya kulikataa. Ni kweli Warumi waliianza siku ya kisheria usiku wa manane, lakini saa za mchana walizihesabu tangu macheo, na saa zao za jua ziliweka sita mahali pa adhuhuri. Yohana mwenyewe anatufunga mikono. Katika 11:9 Yesu anazungumzia saa kumi na mbili za mchana. Katika 4:6 anakaa kisimani, amechoka kwa safari, saa sita, na picha yote ni ya jua la utosini.

Wengine husema mnakili alichanganya alama za Kigiriki za tatu na sita, na kweli nakala chache za Yohana zina saa tatu. Lakini ni rahisi zaidi kuamini kwamba mnakili aliirekebisha Injili ya Yohana ilingane na Marko. Jibu ninaloliona la kiasi ni la watu wasio na saa mkononi. Mchana ulikatwa mapande makubwa: saa tatu, saa sita, saa tisa. Mwenye shamba la mizabibu katika Mathayo 20 anakwenda kutafuta vibarua kwa saa hizohizo. Tukio la katikati ya asubuhi mmoja angelisogeza nyuma, mwingine mbele, na Yohana ameandika "yapata". Tena yeye anataja kuwa ilikuwa Maandalio ya Pasaka, na sioni kama ni bahati tu kwamba adhuhuri yake inaukaribia wakati wa kuchinjwa wanakondoo Hekaluni. Anashuhudia kifo na kukifafanua kwa pamoja. Anayesema Yohana alibadili saa kwa ajili ya fundisho hatalazimika kunyamaza kwa haya niliyosema. Atalazimika tu kuonyesha kwamba Yohana alikuwa anadai dakika.

Hatari nyingine ni ya mtetezi mwenyewe. Mwaka 1976 Harold Lindsell, katika kitabu chake cha kuipigania Biblia, aliweka mbele mpango wa kuzipatanisha habari za Petro kumkana Bwana kwa kuhesabu mara sita: tatu kabla ya jogoo kuwika mara ya kwanza, tatu kabla ya pili. Injili zote nne zinasema tatu. Ili asipatikane mwandishi aliyekosea, zote nne zimenyimwa zilichosema waziwazi. Huko si kutetea Maandiko.

Wayahudi wa kale walilijua tatizo la aya zinazopingana. Talmudi inasimulia kwamba kitabu cha Mithali kilikaribia kufichwa kwa sababu maneno yake yanapingana, na mfano wao ni 26:4-5: aya moja inakataza kumjibu mpumbavu kwa kadiri ya upumbavu wake, inayofuata inaamuru ajibiwe. Kwetu, anayesema haraka haraka haina baraka ndiye kesho atakayekwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na hakuna mzee aliyemwita mwongo. Aliyeziweka aya hizo mbili jirani hakuwa amesahau ya kwanza alipoandika ya pili.

Kanisa Katoliki, katika hati ya Dei Verbum ya 1965, liliuelekeza uzito kwenye ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Nyuma yake sana, Augustino alimwandikia Jeromu kwamba akikuta katika Maandiko jambo linaloonekana kupinga ukweli, atadhani nakala ina kasoro, au mfasiri hakuelewa, au yeye mwenyewe hajaelewa. Wengi huinukuu barua hiyo kwa ajili ya imani yake. Mimi naipenda kwa mpangilio wake: nakala, tafsiri, msomaji, vyote vitatu vinaruhusiwa kukosea.

Na Calvin, ambaye hakuna atakayemshuku kuyadharau Maandiko, alipofika Mathayo 27:9 alikuta unabii wa vipande 30 vya fedha umetajwa kuwa wa Yeremia, ilhali unafanana na Zekaria 11. Aliandika katika ufafanuzi wake kwamba hajui jina la Yeremia liliingiaje hapo wala hajisumbui kulichunguza, kwamba ni wazi limewekwa kimakosa mahali pa Zekaria, akaendelea na aya.