Kalulu, mtoto aliyesimama nyuma ya Stanley

Februari 2025 ilitimia miaka 150 tangu msafara wa Henry Morton Stanley uingie Kageye, kijiji cha Ghuba ya Speke, si mbali na jiji la Mwanza. Walikuwa wametembea siku 103 kutoka Bagamoyo. Kageye ndipo ilipounganishwa mashua ya Lady Alice iliyobebwa vipande vipande, na ndipo alipofia kijana Mwingereza, Frederick Barker. Hayo husimuliwa kila mara. Asiyetajwa ni kijana mwingine wa msafara huohuo: Kalulu.

Sura yake ipo. Mwaka 1872 alipigwa picha jijini London pamoja na Stanley, ndani ya studio, mbele ya pazia lililochorwa mandhari, ili mtazamaji wa kule aone Afrika. Stanley kavaa nguo za safari. Mtoto yuko nyuma yake, kashika bunduki.

Kuisoma picha hiyo kunataka turudi Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871. Stanley mwenyewe aliyaandika yaliyotokea huko katika kitabu cha safari yake ya kumtafuta Livingstone. Mfanyabiashara Mwarabu alimzawadia mtoto mtumwa aitwaye Ndugu M'hali, jina ambalo Stanley alilielewa kuwa ni mali ya ndugu. Halikumpendeza. Akawaita watu wake wampe mtoto jina jingine.

Palizuka mabishano. Mmoja alitaka aitwe Simba, mwingine Ng'ombe. Aliyetaja Mirambo, mtemi waliyekuwa wakipigana naye wakati huohuo, alichekwa. Ndipo Ulimengo, mmoja wa watu hao, akamtazama mtoto vizuri: macho yanayong'aa, umbo jembamba, miguu isiyotulia. Akasema huyu ni Kalulu, yaani paa mdogo kwa maelezo ya Stanley. Wote wakaridhia. Yakaletwa maji katika karai la bati, Selim, mkalimani wa Stanley, akamshika mtoto juu ya karai hilo kama baba wa ubatizo, na Stanley akatangaza kwamba jina hilo asinyang'anywe na mtu.

Neno "mali" likaondoka kwenye jina. Lakini nikiitazama ile picha, naona limerudi. Mtoto kawekwa pale kama bunduki na kofia, ushahidi kwamba bwana kweli alifika Afrika. Wakamtengenezea na sanamu ya nta katika jumba la Madame Tussauds. Akasoma shule Uingereza, na Aprili 1874 alihudhuria mazishi ya Livingstone katika kanisa la Westminster Abbey. Kisha akarudi Afrika na Stanley katika ule msafara uliofika Kageye, akabeba bunduki tena. Machi 1877 mtumbwi wake ulichukuliwa na maporomoko ya mto Kongo, akafa akiwa bado kijana mdogo. Stanley aliyaita maporomoko hayo kwa jina lake.

Leo picha yake imezagaa mtandaoni, na mara nyingi wanaoisambaza wanamtaja Stanley peke yake. Hilo linaniuma. Walimu wa Magu na Ilemela wanaowafundisha watoto historia ya ufukwe wao wangeweza kuipeleka darasani. Mfunike Stanley kwa kiganja. Anabaki mtoto mwembamba mbele ya miti ya rangi, mikononi ana bunduki isiyo yake, na macho ni yaleyale aliyoyaona Ulimengo.